Nyumba ya Mwisho Mfongoni

Mwalimu Elinami hakuanza na kompyuta.
Alisema: Zimeni. Toeni kalamu.
Andikeni jambo mnalolijua kwa miguu.

Tulinung'unika. Ada tumelipa,
ngazi za ghorofa mbili tumepanda,
mashine kumi na nne, watu thelathini na mmoja,
kibodi yangu haina N, inabonyezwa kwa ncha ya kalamu,
halafu tuandike kwa mkono!

Nikaandika maji.
Nikaandika zamu za mfongo wa kwetu, Uru,
jinsi shangazi Ndeshi anavyozitunza
katika daftari la kijani lililovimba kwa unyevu:
Fungua lango kwa kaya ya kwanza.
Subiri.
Funga. Nenda kaya inayofuata.
Mvua ikinyesha, ruka siku nzima.

Mwalimu akalizungushia "subiri" wino mwekundu.
"Mpaka lini? Kwa saa ya nani?
Na lango likizibwa na majani ya mgomba?
Mashine haina shangazi, Aikande.
Haijui ulichokusudia.
Inajua ulichosema."

Wiki tatu baadaye tukaruhusiwa kuwasha.
Nikajifunza kwamba nukta mkato moja iliyosahaulika
humkalisha mtu mpaka kantini inafungwa;
kwamba kosa la mstari wa ishirini
mara nyingi limelala mstari wa kumi na tisa
likijifanya halimo;
kuhifadhi kazi kila baada ya mistari mitatu,
maana umeme wa Moshi ukiondoka hauagi.

Na kuhesabu upya. Hili liliniuma.
Mimi niliyehesabu mikungu sokoni Mbuyuni
tangu darasa la pili,
leo naambiwa mkungu wa kwanza ni sifuri.
Terewa, tuliyegawana naye kiti, akauliza:
"Kwa hiyo mwenye kimoja hana kitu?"
Hakuna aliyemjibu.
Darasa zima lilikuwa linatazama vidole.

Siku ya kuwasilisha, programu yangu ilikimbia.
Haikugoma, haikutema maandishi mekundu.
Majina yakateremka kwenye skrini kama maji yenyewe:
kwa Mosha, lango wazi; kwa Mosha, lango limefungwa;
kwa Mmasi, lango wazi...
Terewa akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Nilikwisha kufunga begi.
Ni mazoea tu ya sokoni yaliyonifanya
nihesabu tena kwa macho, kimyakimya.
Kumi.
Kwetu tuko kaya kumi na moja.

Aliyekosekana ni Mama Ndewiro,
wa chini kabisa, pale mfongo unapokonda ukawa uzi.
Nilikuwa nimeandika: endelea maadamu namba iko chini ya kumi.
Ilitakiwa: kumi, au chini yake.
Hapo ndipo migomba yake yote ilipopita.

Mwalimu Elinami alikuwa amekwishaona.
Alikuwa ananisubiri mimi nione.
"Imekimbia," alisema. "Sikuuliza kama imekimbia.
Nauliza imefika kwa nani."

Sikumsikia vizuri. Nilikuwa Uru,
asubuhi ile Mama Ndewiro alipokuja na ndoo tupu,
akasema, jana hayakufika,
nasi tukamwambia, mama, labda ulipitiwa na usingizi.
Alikuja tena. Tukamwambia tena.

Nikatoka koridoni nikapiga simu.
"Shangazi, ukurasa wa zamu una mistari mingapi?"
Nilisikia kuku, nilisikia karatasi zinafunuliwa.
"Kumi, mwanangu. Ukurasa huishia hapo.
Mama Ndewiro yuko nyuma ya karatasi.
Kwani vipi?"

Sikujua niseme nini kwa salio lililobaki.
Nilirudi ndani, nikachukua kalamu,
nikaliandika jina lake upya, herufi kwa herufi,
ile ya kwanza nikiibonyeza
mpaka ncha ikapinda.